Madebe Matupu ya Mabamba

Kasulu, 2 Aprili 1973

Kwa Shangazi yangu mpendwa Maximilla,

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mwanao ni mzima, wasiwasi ni kwako na lile goti. Linaendeleaje na mvua hizi?

Kazi hapa kwenye Chama cha Asali imenikubali. Nimetengeneza ubao mkubwa ukutani. Kila kijiji kina msumari wake, na kila msumari una kadi: wanachama wangapi, wanatarajia madebe mangapi, barabara inapitika au la. Zamani meneja wetu, Bwana Abdalah, alikuwa anapeleka lori kwa yule aliyepiga kelele zaidi. Siku hizi anasimama mbele ya ubao na kikombe chake cha chai, anasoma, anaamua. Ukimwona anavyotikisa kichwa utacheka!

Lori ni moja, na msimu huu litafika vijiji vitatu tu. Kwa hiyo nakutumia fomu. Wewe ndiye katibu wa warina asali wote saba wa hapo Mabamba. Muulize kila mmoja anatarajia kurina madebe mangapi, uandike, unirudishie.

Mwanao,
Venanti

Mabamba, 23 Aprili 1973

Mwanangu Venanti,

Milele amina. Marahaba sana. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Je, unakula? Kwenye ile picha uliyonitumia shingo imekuwa nyembamba mno, na hiyo si kazi ya ofisi, ni kazi ya kukosa mke.

Fomu nimeijaza kwa mkono wangu. Mzee Niyibizi amesema kidogo. Mzee Stanislaus, kidogo sana. Bazilio akatazama juu mtini, akasema mwaka huu hata sijui. Wale wanne wengine wamejibu kama Niyibizi. Nimeandika vilevile.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Mwaka jana hawa wote walikuwa wanawauzia wachuuzi wa njiani. Ni mimi niliyewazungukia nyumba kwa nyumba, nikawaambia jiungeni na Chama, lori litakuja hadi mlangoni, mwanangu niliyemlea yuko palepale ofisini. Wakaniamini. Lisipokuja watabeba asali kichwani siku mbili hadi Kibondo, na mimi sijui nitapita njia ipi kwenda kanisani.

Shangazi yako,
Maximilla

Kasulu, 12 Mei 1973

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, maana mvua zimepungua. Mimi mzima, ila leo kalamu ni nzito.

Kwenye kadi siwezi kuandika "kidogo". Nilikaa nayo siku nzima, mwishowe nikaandika madebe mawili kwa kila mtu, kumi na manne kwa jumla. Bwana Abdalah akautazama ubao, akasema lori haliwezi kwenda Mabamba kwa madebe kumi na manne wakati wenzenu wana arobaini. Na kwa ubao ule, amesema kweli. Orodha anaifunga tarehe saba Juni.

Nimeumia, shangazi. Nisamehe.

Mwanao,
Venanti

Mabamba, 19 Mei 1973

Venanti,

Salamu leo sikupi. Nitakupa ukizistahili.

Madebe mawili! Mzee Niyibizi, mwenye mizinga hadi ng'ambo ya bonde, madebe mawili! Hivi wewe ulizaliwa hapa kwetu Uha au tulikuokota barabarani? Umemsahau babu yako? Ule mwaka alipojaza mitungi yote ya nyumba hii hadi tukaazima ya jirani, alipoulizwa njiani alijibu nini? "Kidogo." Nani hapa kwetu anataja asali iliyo bado mzingani? Nyuki wakisikia unajigamba kwa asali yao wanahama. Hilo ulilijua kabla hujajua a-e-i-o-u.

Fomu yako haina adabu, basi! Juzi Bazilio ameniuliza lori linakuja lini. Nikajifanya nakohoa.

Shangazi yako (bado),
Maximilla

Kasulu, 25 Mei 1973

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitikii. Goti je?

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Bwana Abdalah akatoka chumbani kwake kuja kuona kuna nini. Nikamsomea barua yako yote, na pale pa kuokotwa pia. Akamwaga chai kwa kicheko. Halafu akaniuliza, "Sasa utawaulizaje?"

Shangazi, umesema kweli tupu, na aibu imenishika. Ubao unasema kile nilichouambia, na mimi niliuliza vibaya. Fomu ile nimeichana. Hii mpya ina swali moja tu. Usiwaulize habari za mizinga wala za asali. Waulize hivi: Lori likija, likuletee madebe matupu mangapi?

Nimempa dereva wa gari la misheni aikabidhi mkononi mwako. Jibu linifikie kabla ya tarehe saba, nakuomba, nakuomba.

Mwanao wa kuokotwa,
Venanti

Mabamba, 1 Juni 1973

Mwanangu Venanti,

Marahaba, marahaba mara saba! Salamu zako zote nilizokunyima nakurudishia leo na nyongeza. Goti halijambo.

Mzee Niyibizi hakufikiri hata kidogo: "Kumi na mawili." Stanislaus, tisa. Bazilio alianza na kumi, akaaga, akafika kwenye mgomba wa tatu akageuka: "Andika kumi na matano." Wale wanne, jumla yao thelathini na matano. Sabini na moja, mwanangu! Na hakuna aliyetaja asali. Dereva anapiga honi hapa nje, nami namwambia asubiri nihesabu mara ya tatu.

Kimbia na hiyo kadi!

Shangazi yako,
Maximilla

Kasulu, 9 Julai 1973

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzima? Mimi mzima, tena mzima wa kuimba.

Lori limerudi juzi. Hamis dereva wetu analalamika kwamba nyuki wa Mabamba wamemsindikiza hadi Makere. Bwana Abdalah ameamuru fomu za vijiji vyote zibadilishwe, na swali letu la madebe matupu ndilo la kwanza. Wewe hujaniandikia kitu. Wazee walisemaje? Ulipita njia ipi kwenda kanisani?

Jambo la pili: shingo yangu imepata dawa. Anaitwa Winifrida, ni mwalimu Muyama. Harusi ni Jumamosi tarehe 29 Septemba, hapa Kasulu. Wewe uliyenilea utakaa meza ya mbele. Tunapanga chakula, kwa hiyo niandikie: kutoka huko Mabamba mtakuja watu wangapi?

Mwanao,
Venanti

Mabamba, 20 Julai 1973

Mwanangu Venanti, na Winifrida wangu ambaye sijamwona,

Marahaba nyote wawili. Sikuandika kwa sababu nilikuwa kwenye sherehe.

Madebe matupu tuliyasikia yakigongana kabla lori halijaonekana. Wazee walikuwa wamevaa makoti tangu asubuhi, jua lote lile! Lilipokata kona nikapiga vigelegele, halafu nikalia mbele ya watu, na sioni aibu. Niyibizi akanishika mkono akasema, "Maximilla, mwanao ni mtu." Bazilio madebe yalimpungukia, akachukua sufuria yangu kubwa, na mpaka leo haijarudi. Kanisani nilipita njia ya katikati, taratibu, kila mtu anione. Goti nililichezesha ngoma, sasa linanidai.

Winifrida mwambie nampenda tayari, na ahsante kwa kunenepesha hiyo shingo.

Sasa hilo swali lako la mwisho. Kumbe bado hujajifunza! Tutakuja wachache tu, mwanangu. Tuletee lori.

Shangazi yako,
Maximilla