Mstari Wako Katika Daftari la Bluzi

Mpendwa Papa,

Ile sauti bado ninayo. Si wimbo, wimbo ulikuwa umekwisha. Ni sindano ya gramafoni iliyobaki ikikwaruza katikati ya santuri, krr-tik, krr-tik, na hakuna aliyeinuka kuiondoa, kwa sababu kijana mmoja alikuwa ameshika daftari la wageni na sote tulikuwa tunamtazama akisoma.

Ulinisumbua wiki nzima twende mtaa wa Asiatique, kwa Mzee Salimu muuza vitenge. Uliposema nyuma ya duka lake kuna makumbusho nilidhani unanitania. Kumbe kweli. Chumba kimoja kisicho na dirisha, na ndani santuri za marehemu kaka yake, aliyefanya kazi melini na kuzileta mojamoja kutoka Amerika. Picha za waimbaji zilizofifia, gitaa lenye nyuzi tatu, ramani ya mto mkubwa wa huko aliyoichora Mzee mwenyewe kwa penseli za rangi. Juu ya mlango aliandika kwa Kifaransa kwamba hapa ni historia ya muziki wa bluzi. Kulikuwa na makosa mawili. Ulinibana mkono nisiseme.

"Hapa walilima pamba," alisema, akigusa ramani kwa kijiti. "Jua kali, mshahara hakuna. Jioni wanaimba."

"Kama mashamba ya kwetu Imbo," ukasema.

"Imbo munaimba?"

"Tunalalamika tu, Mzee. Gitaa bado halijafika."

Mlicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha akaweka wimbo wa mtu anayesubiri treni imtoe kwenye mji mbaya, nawe, mwalimu wa Kiingereza, ukanifasiria kila mstari.

"Sisi hata treni hatuna," ulisema.

"Treni yenu ni miguu, Mwalimu. Muizoeshe."

Safari hii hamkucheka. Wiki ile watu walikuwa wanashuka kutoka mtaa wa Carama, wakikimbia kuuawa, na magodoro kichwani.

Kabla ya wimbo wa mwisho akaleta daftari. Ulijiandika kama babu alivyokufundisha kujitambulisha: jina lako, la baba yako, mlima ulikozaliwa, halafu mtaa unakoishi, Mutakura. Mlima ule na mtaa ule havikupaswa kukaa mstari mmoja mwaka ule, na mimi nilijua: mlima ulitaja kabila lako, na mtaa ulikuwa umeshaanza kuwafukuza watu wa kabila hilo. Darasani tulikuwa tumeshaacha kutaja milima. Ukiulizwa, unajibu ulizaliwa hospitali. Niliona kalamu yako ikipita nikanyamaza, kwa kuwa niliona haya kukukosoa mbele ya mzee. Uliponipa kalamu niliandika maneno mawili tu chini yako: mtoto wake.

"We jina huna?" ulinitania.

Ndipo yule kijana akaingia kutoka dukani. Shati safi, limepigwa pasi. Alisema na yeye anapenda muziki, lakini hakutazama santuri hata moja. Alichukua daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari. Krr-tik.

"Mwalimu ni we?"

"Ni mi." Ukainuka, ukampa mkono.

"Kumbe tuko majirani." Akanigeukia. "Na huyu ni mutoto?"

"Wangu," ulisema, kwa fahari ile ile uliyokuwa nayo siku za matokeo yangu.

Siku ya nne baada ya hapo ulitoka asubuhi kwenda kufundisha. Baiskeli yako tuliikuta njiani, imeegemezwa ukutani vizuri, kama mtu ameisimamisha akusubiri. Wewe hatukukupata. Mama alituhamisha siku hiyo hiyo, kwa shangazi, na nguo tulizovaa.

Mwaka mzima sikukanyaga Asiatique. Nilipokwenda, Mzee Salimu alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Karibu, binti ya Mwalimu." Nikazoea kukaa naye saa za mchana, kusikiliza. Ndipo Jumatano hii aliponiambia kwamba yule kijana amerudi mara mbili. Anataka kuazima daftari, siku mbili tu. Jumatatu atalifuata.

"Lichome, Mzee."

"Apana, binti. Santuri ni za watu wa mbali. Daftari hii ndiyo watu wangu. Mitaa yote iko humu, imekaa pamoja."

"Ndiyo sababu analitaka."

"Atafanya nini na majina?"

Nilimwonyesha kwa kidole mstari wako. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Hata hivyo hakunipa.

Jana, Ijumaa, alipokwenda kuswali aliniachia duka kama kawaida, kwa kuniamini. Nililifunika daftari kwa sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu nikaondoka, mlango nikiurudisha tu. Nilichana kurasa juu ya mbabura ya shangazi, makaa yalipokuwa yanashika, kabla hajabandika maharage. Watu wote wale, na milima yao. Sikusoma.

Ukurasa wako niliusoma. Nilitaka kuubakiza, Papa. Tulipohama hatukubeba karatasi yoyote; huo ndio mwandiko wako wa mwisho duniani. Nikaukunja, nikautia kifuani, nikafika nao hadi mlangoni. Njia ya kurudi kwa Mzee ina kizuizi; kikapu cha sombe walikiacha kipite, lakini wasichana hupekuliwa hadi kifuani. Nikarudi jikoni.

Mzee Salimu nitamwambia mwenyewe, naye akinifukuza ni haki yake. Wewe nakuaga hapa, kwa sababu kaburi la kukuagia sina. Ukurasa wako niliuchoma wa mwisho. Maneno yangu mawili yaliungua kabla ya jina lako.

Mtoto wako