Tangazo Lako Limechelewa, Baba

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ututoke, na bado tunaona aibu kupita mbele ya studio yako ya redio.

Studio! Tuliicheka sana. Stoo ya nyuma ya nyumba, mlingoti umefungwa waya kila upande usije ukalala juu ya paa la jirani, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. "Sasa wageni wangu walale wapi?" Mama aliuliza. Ukamjibu, "Wasilale. Wasikilize."

Na watu walisikiliza. Ulianza na bei za sokoni, zikafuata salamu, kisha mifugo iliyopotea. Ulimwelezea mbuzi wa mtu mpaka sisi tukamtamani. Sauti yako ilikwaruza kwenye masafa ya kati kama inakaangwa, nasi tukaibatiza Kikohozi cha Baba. Lakini jioni, ikifika saa ya matangazo ya vifo, utani uliisha. Ulivaa koti, ukasimama, ukasoma kila jina mara mbili, polepole, ili aliye jikoni awahi kusogea.

"Baba, koti la nini? Nani anakuona?"

"Ninayemsoma."

Ulipoondoka, tulihangaika kama familia yoyote. Tulituma ujumbe kwenye simu, kundi hili na kundi lile, tukapokea pole chungu nzima, tukaamini dunia yote imepata habari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwasha mtambo. Wewe uliyewasomea vifo vyao watu wa mji mzima, sisi tukakuzika kimyakimya.

Baada ya mazishi akaja fundi baiskeli, yule uliyekuwa ukimtania hewani kwamba breki zake ni za kuombea dua. Redio kwapani.

"Shemeji, nimebadilisha betri, nimebadilisha tena, kimya tu. Mzee anaumwa?"

Mama akamwambia tumeshakuzika.

"Mlimtangaza wapi?"

"Kwenye simu, shemeji."

"Mimi simu sina. Nina yeye."

Akakaa kizingitini, redio mapajani, wala hakutulaumu. Afadhali angetutukana. Nyuma yake wakaja wengine, leo huyu, kesho yule. Ni wale wale tuliokuwa tukikuuliza wako wapi, kila tulipokushauri uuze mtambo. "Nani anasikiliza masafa ya kati siku hizi, Baba?" Basi tuliwaona, langoni kwetu, wamekosa kukuzika kwa sababu yetu.

Tusamehe. Nao watusamehe.

Kitindamimba wako ameutengeneza mtambo; shoti ya umeme ilimrusha ikamtia adabu, lakini mtambo umewaka. Leo jioni, baada ya salamu, Mama atasoma tangazo lako. Tulimwekea kiti, amekikataa. Atavaa koti lako, lile ambalo mikono yake inammeza vidole, na safari hii hakuna atakayeuliza nani anamwona. Jina lako litasomwa mara mbili, polepole. Fundi ameshaweka betri mpya.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe zako, wajukuu wanaogombania kiti chako cha studio, dada yako anayedai sauti ile uliiba kwake, na wote waliokaa karibu na redio wakikungoja.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na leo tunalisema hilo hewani.