Swali la Kwanza ni Hujambo

Jumatatu, 3 Machi
Watoto wanne leo. Kazi ile ile: kuwauliza waliopandikizwa uboho wanastahimili vipi. Barakoa, glovu, fomu. Kidoti, miaka minane, leo ni siku ya tisa tangu awekewe uboho wa kaka yake. Swali la kwanza: Hujambo? Akasema sijambo. Nikatia tiki kwenye "vizuri". Nikala mchana nikiwa nimesimama.

Jumatano, 5 Machi
Kidoti hali chakula, hachezi, amegeukia ukuta. Hujambo? — Sijambo. Tiki.

Mama yake, nje ya kioo, aliniuliza lini ataruhusiwa kulala naye. Nikamweleza kuwa daktari anafuata fomu: mtoto akionekana amelemewa, mzazi anaingia. Na fomu inasema yuko vizuri. Mama hakupandisha sauti.

"Dada, huyu nimemfundisha adabu. Hata akiwa anakata roho, ukimwuliza hujambo ataitikia sijambo."

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua kabati. Fomu mia moja na sita. Swali la kwanza, wote — wote! — vizuri. Tafsiri ya fomu hii kutoka Kiingereza niliifanya mimi. Nikasifiwa, eti inamchangamsha mtoto. Wanasema kuuliza si ujinga. Inategemea umeuliza nini.

Ilipasa nione aibu. Nimeosha kikombe. Mume wangu akapiga simu, hujambo, nikasema sijambo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia daktari. Hakufoka. Anataka fomu mpya ya Kidoti kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo anasafiri wiki nzima, na bila fomu hiyo mama atabaki nje.

Naandika nyuma ya fomu yenyewe, kando ya kitanda. Sikumwamkia. Nilimwuliza ni kitu gani kinamsumbua zaidi. Halafu, bila kugeuka:

"Anza wewe."

Nikasema mimi sijambo. Imetoka yenyewe! Akavuta shuka hadi masikioni.

Saa tano na nusu. Mama kaegemea kioo, pumzi yake imekitia ukungu. Natafuta cha kumwambia mtoto huyu na sioni kitu ndani yangu. Miaka sita ya kuuliza wengine. Mimi mara ya mwisho kulia ni lini? Sikumbuki.

Saa sita kasoro kumi. Nimevuta kiti karibu. Nimesema, "Nina jambo."

Amegeuka. Macho makavu, midomo imechanika. Anangoja niseme ni jambo gani.