Shukrani Kabla ya Matokeo

Jumatatu, 26 Mei 2025
Leo kiwandani nimemwonyesha tena Ryan, kijana wa mafunzo, namna ya kulinganisha stetimenti ya benki na vitabu vyetu. Mara ya tatu! Miaka tisa niko kwenye meza hii ya karani. Wanakuja, nawafundisha, wanapanda cheo. Mimi bado msaidizi. Kisa? Pepa moja tu imenibakia ya kunipa cheti cha uhasibu, CPA — ya ushuru. Aprili niliifanya mara ya nne. Mzee Amolo, mkuu wetu wa hesabu, amesema nafasi ya mhasibu ni yangu nikipita. Nimeomba hadi magoti yanauma.

Jumatano, 28 Mei
Mama! Ametangaza kanisani kwamba Jumapili nina ibada ya shukrani. Nikamwambia matokeo hayajatoka. Eti sisi tunashukuru kwa imani, kungoja ni kumshuku Mungu. Akina mama wa mtaa wetu wa Kaloleni wameshachagua kitenge cha sare. Naye Mzee Amolo, kwa vile ni mzee wa kanisa hapo hapo, amemwahidi Mama kunitangaza mhasibu mbele ya watu wote, eti ana hakika nimepita. Nani aliwatuma?

Ijumaa, 30 Mei
Yametoka, nimeyachapa kwenye karatasi ofisini. Arobaini na saba. Pasi ni hamsini.
Alama tatu!
Ryan alikuja mbio mezani: "Madam, nimetoboa pepa zote za CPA! Na wewe?" Nikasema simu haina bando. Uongo mtupu. Nikaenda kulia chooni, kisha nikarudi kusahihisha kazi yake.

Jumamosi, 31 Mei
Nimemwambia Mama akichambua mboga za mrenda. Akauliza mara mbili kama kompyuta haiwezi kukosea. Halafu akasema keki imeshaandikwa. Eti Mzee Amolo akitangaza, ametangaza — Agosti nitarudia, nani atajua? Mama huyu! Aliyenichapa utotoni kwa kudanganya kuhusu sukari! Nilimkasirikia. Kisha nikajikasirikia zaidi, maana wazo hilo nilikuwa nalo tangu jana.

Jumapili, 1 Juni
Naandika kanisani, benchi la tatu. Kwaya inakaribia kumaliza. Vitenge vya manjano kila upande. Keki iko mezani: HONGERA CPA MIDEVA. Hata Ryan yuko, Mzee Amolo alimwalika. Anatabasamu tu. Hajui kwamba nafasi hii sasa ingekuwa yake.

Mama hanitazami. Amekunja leso mikunjo midogo midogo.

Nimechoka kuitwa msaidizi, Mungu wangu, nimechoka! Nikinyamaza dakika tano tu, nimepata cheo. Kesho Mzee Amolo atataka cheti, nitamwambia bado kinachapishwa. Ataniamini. Hiyo ndiyo inaniuma — ataniamini.

Wananiita mbele. Mzee Amolo ameshashika maikrofoni, anarekebisha tai. Vigelegele. Biblia na shajara naziacha hapa kwenye benchi. Ile karatasi ya matokeo ninaenda nayo, nikaisome mwenyewe kwenye maikrofoni —