Mlimau Nilioumwagilia kwa Maneno

Shikamoo mshauri. Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi, hata darasani najua jibu kwa lugha ya shule na kwa lugha ya nyumbani, ila sauti haitoki. Bibi yangu, mkunga mstaafu, alipasuliwa macho, wiki ya tatu sasa yamefungwa bandeji, na tangu nikiwa mdogo kila asubuhi tulikuwa tunakaa kimya uani mbele ya mlimau wake ulio kwenye debe, halafu ananiuliza, "Jana ulikuwaje, leo ukoje, kesho utakuwaje?" Alipofungwa macho akaniambia, "Mjukuu wangu, macho yangu ni wewe, nenda ukaumwagilie, uutazame, uje unihadithie." Siku mbili nilienda. Ya tatu nilikuwa hoi, mshauri, mitihani, kufua, uji wake, basi nikasimama mlangoni nikabuni, jana vitumba, leo ua, kesho limau changa, akatabasamu, na tangu hapo sijaacha. Juzi kaniuliza, "Mbona nyuki siwasikii?" Nikasema wamepumzika. Akasema tu, "Haya, nao wanachoka." Jana ndiyo nikaenda kuuona, majani yote chini, udongo umepasuka. Ijumaa anafunguliwa macho. Nafikiria kutafuta mlimau mwingine niubadilishe kimyakimya. Nifanyeje?
Macho ya Bibi

Marahaba, Macho ya Bibi. Pole, kuuguza na mitihani pamoja si mchezo. Kuchoka si kosa. Kosa ni kumpa mgonjwa maua ambayo hayapo, siku baada ya siku, kisha sasa unataka kumletea mti mzima wa uongo! Huo usahau. Atautambua kwa kuupapasa tu. Na soma tena barua yako: bibi kafungwa macho, masikio hayakufungwa.

Usingoje Ijumaa. Kwaruza shina kwa kucha. Ukiona kijani, kata matawi makavu, mwagilia kidogo kidogo, sogeza debe kivulini. Usipokiona, acha kama ulivyo. Vyovyote iwavyo, kesho asubuhi mshike bibi mkono, mketishe uani, weka kiganja chake kwenye shina, nawe ukae kimya kama zamani. Atakuuliza yale yale. Ya jana: "Nilikudanganya." Ya leo: "Umekauka, na mimi nimechoka." Sauti ikigoma, usikimbie. Huyo ni mkunga, kusubiri ndiyo kazi yake.

Ya kesho usiijibu wewe. Mwachie bibi.