Meli Yetu ya Igawa

Rafiki yangu Abbas,

Mke wangu Tumpe ameniuliza namwandikia nani tangu asubuhi, nikamwambia nakuandikia wewe. Ameniwekea chai mezani na kwenda zake shambani, nami nimebaki na kalamu, sijui nianzie wapi.

Nianze na siku ile, maana najua ungeuliza. Shemeji Shirin alinipigia simu alfajiri. Alisema tu, "Mwalimu, Abbas ametutoka," kisha simu ikashikwa na mtu mwingine. Nilipanda basi la kwanza lililopita hapa Iyunga. Nilijua dini yenu haimcheleweshi marehemu, na barabara ile naijua, mizani yake na malori yake, lakini nilikaa nimeinama mbele kwenye kiti safari nzima, kana kwamba nikikaa hivyo basi litakimbia zaidi. Nilipofika kwako Ipogolo watu walikuwa wanarudi makaburini, viatu vina vumbi jekundu. Binti yako Nasrini alinipokea mlangoni. "Anko, tumeshamzika baba," akasema. Nikasema sawa, mwanangu. Nikakaa kwenye jamvi na wanaume nisiowajua.

Mmoja wao akaniuliza tulifahamianaje mimi na wewe. Ningemwambia nini? Kwamba wazee wawili, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Iringa, walikuwa wanajenga meli moja ndogo ya kuweka mezani? Nikasema, "Tulikuwa tunafanya kazi pamoja." Akaitikia kwa kichwa, akanipa pole.

Kazi. Sijui kama ulikuwa mzaha au ulikuwa ukweli.

Unakumbuka tulivyokutana. Nilikuja Iringa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikaingia dukani kwako kutafuta misumari midogo kabisa. Ulinionyesha ile ya fremu za picha, nikasema bado mikubwa. Ukanitazama juu ya miwani. "Mzee, unajenga nyumba ya panya?" Niliona haya. Mwalimu mstaafu wa ufundi, na hapa mtaani hakuna aliyejua ninachofanya kwenye chumba cha nyuma isipokuwa mke wangu. Nikasema polepole, "Meli." Kisha ukamwita mtu akushikie kaunta, ukanishika mkono, ukaniingiza stoo. Nyuma ya makopo ya rangi palikuwa na meli uliyoijenga kwa mbao za masanduku ya chai, milingoti yake spoku za baiskeli. Ukasema, "Nilidhani niko peke yangu nchi nzima." Harusi niliikuta watu wameshakula keki.

Wazo la kujenga meli moja sisi wawili lilikuwa lako. Uliitaka ile meli ya abiria ya Ziwa Nyasa, ya zamani, tuliyoipanda sote ujanani, kila mtu kwa safari yake. Tulikuwa na picha chache na kumbukumbu zetu basi. Tukagawana. Mimi nijenge mwili, kuanzia mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, na mbavu zake mpaka sitaha watu wanapokanyaga. Wewe ujenge vyote vya juu: vyumba, dohani ya kutolea moshi, boti za kuokolea, na reli za pembeni ambazo abiria hushika. Kila sentimita yetu iwe mita moja ya meli yenyewe. Na ili vipande visije vikakataana, tuwe tunakutana kuvijaribu. Ukachagua Igawa. Nikakwambia Igawa si katikati, wewe utasafiri karibu mara mbili yangu. Ukasema, "Mimi nina gari, wewe una mwili wa meli kwenye basi. Nani amebeba kizito?"

Mama Kulwa anakusalimia. Anatulaumu bado kwamba hatukumwambia mapema unaumwa, na mimi namwambia hata mimi sikuambiwa. Unakumbuka siku ya kwanza, alipoona nafungua kitambaa mezani kwake na kutoa meli isiyo na kitu juu? Yule mama ametoka Usukumani na mumewe na ng'ombe, ameona mengi mpaka kufungua mgahawa pale barabarani, lakini hilo hakuwahi kuliona. "Wazee, mnacheza?" akauliza. Ukamjibu kwa adabu kabisa, "Ndiyo mama, tunacheza. Tuletee wali na samaki." Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza madereva wa malori wasiguse. "Mwacheni mtoto akue," alikuwa akiwaambia.

Na mtoto alikua. Mwaka wa mwisho ndio kazi yako ilipopendeza kuliko yote. Reli ulizoleta zilikuwa nyembamba, uzi umefungwa kwenye kila nguzo kwa fundo ambalo nililiona kwa lenzi tu. Nilikwambia, "Abbas, uzeeni ndiyo umepata mkono mwepesi." Ukacheka, ukasema, "Kweli Mwalimu, nimepata mkono mwepesi sana." Ulikuwa umevaa koti. Igawa, kwenye joto lile la Usangu, umevaa koti na mikono imo mifukoni. Ulisema umetoka na baridi ya Iringa mwilini. Kila kipande ulitaka nikiweke mimi. "Weka wewe, mimi nimeshika samaki." Na samaki alikuwa bado hajaletwa.

Sikuona kitu, rafiki yangu. Nilikuwa natazama meli.

Nilirudi kwenu kwenye arobaini, safari hii na Tumpe. Shemeji alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo mimi nilikaa sebuleni na Nasrini, Tumpe akaingia chumbani kumpa mkono. Nilikuwa nimemtuma jambo. Nilimwambia amwombe shemeji vile vipande vyako vya juu, niende navyo Mbeya nikaimalizie meli kwa heshima yako. Nasrini alikuwa ameshaanza kufunga vitu kwenye maboksi, anataka mama yake ahamie kwake Dar, nami niliogopa vipande visije vikachanganyika na masufuria.

Tumpe alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alisimama mbele yangu kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Anasema hapana," akaniambia. "Anasema si vya Abbas. Ni vyake."

Nikadhani mke wangu hakusikia vizuri. Akaendelea, "Nimemkuta anafunga uzi kwenye vijiti. Kwa kibano. Hata kichwa hakuinua."

Ndipo shemeji akaniita kwa sauti kutoka nyuma ya pazia. Aliniambia yote akiwa kule, mimi nikiwa huku, na Nasrini amesimama katikati na boksi mkononi, naye anasikia kwa mara ya kwanza. Kwamba mikono yako ilianza kutetemeka tangu zamani. Kwamba siku moja ulivunja boti tatu ndogo mfululizo, ukaweka kibano chini, ukakaa. Yeye alikuwa anapita na chai. Akakiokota. Ukamwambia akate hapa, akakata. Ukamwambia afunge pale, akafunga. Tangu siku hiyo wewe ulikuwa macho na yeye alikuwa mikono. "Alikuwa mkali," alisema. "Taratibu Shirin, taratibu, kama vile nilikuwa mwanafunzi. Nami nilikuwa namjibu, kama hutaki, funga mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akanijibu kutoka nyuma ya pazia. "Alisema ukijua utamhurumia. Hutamkosoa tena. Na yeye alipenda sana unavyomkosoa."

Hapo nilishindwa, Abbas. Nilitoka nje nikasimama kwenye banda la gari lako. Nililia, halafu nikakumbuka ule mkono mwepesi uliosema umeupata, nikaanza kucheka peke yangu, na Nasrini akanikuta hivyo. Akaniuliza, "Anko, wewe pia ulikuwa hujui?" Nikamwambia sikujua. Akaegemea gari pembeni yangu. Tulikaa pale mpaka Tumpe alipotuita kula.

Basi kazi ikaendelea. Eda ilimweka mke wako ndani, na ndani kulikuwa na meza yako. Alikuwa akimpa Tumpe maswali kwa simu, Tumpe ananiuliza mimi, mimi najibu, jibu linarudi Iringa. Mke wangu, aliyekuwa akiita chumba changu kiwanda cha vumbi, sasa anajua urefu wa dohani kuliko mimi.

Eda ilipokwisha tulikutana Igawa. Shemeji alikuja na Nasrini, mimi nikaja na Tumpe. Mama Kulwa aliposikia huyu ndiye mjane alivua aproni kwanza ndipo akaja kumpa mkono, wakashikana muda mrefu. Kisha akapangusa meza yetu mara mbili.

Vipande havikuingia. Nilitaka kukuficha hilo, lakini utalijua. Mvua za Mbeya zilivimbisha sitaha yangu, vyumba vyake vikawa havikai. Nikasema tupunguze kidogo vyumba pembeni. Shemeji akanitazama. "Mwalimu, piga msasa chako. Changu kiko sawa." Nikapiga msasa pale pale, vumbi linaangukia kwenye wali, wanawake wanne wananisimamia. Vikaingia. Nikageuza meli taratibu nikiitazama pande zote, na nyuma kabisa nikaona reli imepinda. Sehemu ndogo tu, imeingia ndani kama imeegemewa na mtu. Nikamwambia, shemeji, hapa pameharibika, tunyooshe.

"Usiguse," akasema. "Palikuwa hivyo."

Akatuambia kuhusu safari yenu baada ya harusi. Hukuwahi kuniambia, Abbas, ni nini kilikupeleka kwenye meli ile. Nilidhani biashara. Kumbe ulitaka kumwonyesha bibi harusi ziwa, naye akaugua mawimbi tangu meli ilipoondoka bandarini. Alisimama nyuma kwenye reli, mahali ilipokuwa imegongwa ikapinda, kwa sababu pale mwili wake ulikaa vizuri. Alitapika mpaka akatamani kufa. Na wewe, kijana wa watu uliyevaa suti, ulisimama naye safari nzima, umemshikia ushungi usichafuke, na watu wanawacheka. "Alikuwa hajanizoea hata kunishika mkono," shemeji alisema. "Pale ndipo nilipojua nimeolewa na mtu mzuri."

Picha zetu zinaonyesha reli imenyooka. Anasema wewe pia ulitaka ifuate picha, mkabishana siku mbili, na yeye akaipinda ulipokwenda kuswali. Uliporudi uliiona, ukaiacha hivyo hivyo. Nami nimeiacha. Picha zilipigwa kabla haijagongwa, ndivyo nilivyoamua, na hakuna wa kunibishia.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo sijui utalipokeaje.

Meli ilipokwisha, shemeji alianza kusema haendi Dar. Alisema tuanze nyingine. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kiasi cha kuanza kutafuta mbao. Halafu Nasrini akanipigia simu. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba mama yake ameanguka bafuni, hakuumia, lakini alikaa chini muda mrefu kabla jirani hajasikia. Akasema, "Anko, mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza." Nilikaa na simu mkononi. Nilijua nikimwambia aende, nabaki bila wewe na bila yeye. Nilimuuliza Tumpe. Tumpe akasema, "Unajua la kusema. Unachotafuta ni mtu wa kukukataza."

Nilikwenda Iringa nikamwambia. Nilimwambia binti ana hofu, na hofu hiyo ni haki yake. Alikasirika, lakini aliniandalia chakula. Tulipomaliza akauliza, "Na meli?" Nikamwambia meli ni yake, aende nayo. Nilijenga sanduku la paini, nikalizungushia sponji ndani, na siku ya kuondoka tuliliweka kwenye kiti cha nyuma na kulifunga mkanda. Shemeji alikaa pembeni yake, mkono juu ya kifuniko. Kabla gari halijawashwa alishusha kioo. Hakuniaga. Alisema, "Mwalimu, makaburini kuna majani. Dar ni mbali." Nikamwambia nimesikia. Akapandisha kioo.

Jana alipiga simu. Ameiweka sebuleni kwa Nasrini, juu, wajukuu wasifikie. Kuna jirani alimuuliza imenunuliwa wapi. Akamjibu haiuzwi popote, ilijengwa Igawa.

Kwa hiyo, Abbas, nakuahidi hili. Mvua zikipungua nitakuja Iringa na Tumpe, na jembe dogo, nitakufyekea majani na kung'oa mizizi yake, na nitafanya hivyo kila msimu maadamu magoti yananibeba. Yakishindwa nitamlipa mtu, nami nikae pembeni nimkosoe.

Lala salama, rafiki yangu. Nikishamaliza kupalilia nitakaa kidogo. Sitakuwa nimebeba kipande chochote cha kukuonyesha. Nitakaa tu.

Wako,
Mwalimu Anyosisye