Mkuu Aliyesema "Nipo"

Nyumba za Madaktari,
Nyuma ya Wodi ya Wazazi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, bado linakugombeza ukipanda ngazi? Huku sote wazima. Baba amekonda kidogo, ila mdomo wake haujakonda hata chembe.

Nakuandikia kukushukuru. Nilipokupigia simu nikilia kwamba naacha kazi, uliniambia, "Mwanangu, usiondoke kwa hasira. Hasira haina pa kulala." Nikabaki, shingo upande.

Wakati ule mkuu wa idara alikuwa yule tuliyemwita Radi. Kwa upasuaji mkono wake hauna mfano, simnyimi haki yake. Lakini alitufokea mbele ya wagonjwa mpaka tukaogopa kuuliza. Mtu akiwa na shaka, anaimeza. Wenzangu wawili walifungasha virago. Alipostaafu akaja mama mmoja mtulivu, tukambandika jina Taratibu.

Wiki iliyopita nilikuwa nampasua mama mjamzito. Mtoto akatoka salama, analia kweli kweli, ila damu ya mama ikakataa kukata. Nikaagiza Taratibu aitwe. Alipoingia na kuvaa glavu, nikajua sasa nasukumwa pembeni.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Nikamweleza, pamoja na nilichotaka kufanya.

"Sawa. Fanya, mimi nipo."

Nikashona, yeye akinisaidia kushika. Damu ikakata.

Kwenye kikao, uongozi ukataka kujua kwa nini upasuaji ulichukua muda mrefu vile. Kabla sijafumbua mdomo, Taratibu akasema, "Idara ni yangu, niulizeni mimi. Daktari huyu aliniita mapema, ndiyo maana mgonjwa yu hai." Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Shangazi, mshahara ni uleule, zamu ni zilezile, hata kochi letu la mapumziko bado limevunjika mguu. Lakini naenda kazini kwa moyo mkunjufu. Mmoja wa wale walioondoka ameomba kurudi.

Nisalimie Bibi, mwambie nakula vizuri, asisumbuke. Wasalimie na mapacha wako. Mungu akulinde, akuzidishie afya.

Jana yule mama aliruhusiwa. Alitoka wodini kwa miguu yake, mumewe nyuma amebeba kichanga kama anayebeba mayai. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru. Nusu ya shukrani ile ni yako, ndiyo ninayokutumia leo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana.